Mbeba Jongo

Nesi Veridiana aliposhuka kwenye treni ya kuleta maji, Iddi Mughenyi alitoka kumpokea kwa miguu yake mwenyewe, kifua mbele, huku kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba na kuiva rangi kama nyanya ya juzi. Kiatu alikuwa amekikata mbele kwa kisu ili kidole kipate nafasi. Wala hakuwa anachechemea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Bahi. Umetuletea jua jingine au ni lilelile?"

Nesi hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kiatu.

Waliingia ndani haraka, maana uwanjani hapakukalika. Kituo cha Vioo kilikuwa katikati ya mbuga, na vioo vyenyewe vilitanda kila upande hadi macho yanapochoka, vikigeuka pole pole kulifuata jua na kulipeleka kwenye mnara. Viligeuka vyenyewe, na mashine ziliviosha zenyewe. Kazi ya Iddi ilikuwa kuwapo. Sheria ilitaka awepo binadamu mmoja wa kuulizwa endapo kitu kitaharibika, na katika miaka yote aliyokaa pale, hapana aliyewahi kumuuliza kitu.

Nesi alimkalisha kitini, akauweka ule mguu juu ya goti lake, akabonyeza kidole kwa dole gumba.

"Unasikia?"

"Nasikia unanibonyeza."

"Na maumivu?"

"Ya nini tena?" Iddi akainua mkono kumwonyesha kifundo. Chini ya ngozi kilikuwapo kifungo kidogo kama punje ya dengu, na taa yake ilikuwa ya njano. "Wenzangu wananisaidia."

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile. Walioanza kutengeneza vifungo waliwaza mambo ya hospitali tu, lakini vilipofika kwa watu ambao tangu hapo wanachangiana harusi, misiba na ada za shule, hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Mgonjwa akishapandikiziwa kifungo, jamaa waliitwa, kikundi kikaundwa, kila mmoja akaahidi fungu lake. Kifungo kilinasa habari ya maumivu kwenye mshipa wa fahamu kabla haijafika kichwani, kikaikata vipande na kuvituma hewani kwa waliokubali kupokea. Maumivu hayakupungua hata chembe, yaligawanywa tu. Jongo la kumlaza mtu mzima kitandani likigawiwa watu thelathini, kila mmoja alipata kama kung'atwa na sisimizi, akajikuna, akaendelea kupika. Majina yalifichwa, ili mgonjwa asimwonee mtu haya, wala mtu asije akamsimanga mgonjwa.

"Maji unakunywa vikombe vingapi kwa siku?" Nesi akauliza.

"Chai nakunywa sana."

"Nimeuliza maji, mzee."

Iddi akatazama pembeni. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mchana uwanja ule uliunguza mpaka soli za viatu zikalainika. Alikuwa amepiga mahesabu yake zamani: asipokunywa hatakojoa, na asipokojoa hana sababu ya kutoka nje. Mahesabu hayo aliyaona ya akili sana, na hakuwa na mtu wa kumwambia vinginevyo.

Nesi aliinuka, akafunua sufuria iliyokuwa jikoni. Supu ya makongoro, nzito, mafuta yanaelea juu. Kando yake chupa za soda, tupu.

"Ala! Mzee Mughenyi!"

"Hiyo ya jana."

"Sikiliza, baba yangu. Mwili ukikauka, ile asidi ya yuriki kwenye damu inakosa maji ya kuitoa. Inajikusanya kwenye kiungo, inaganda, inakuwa chembe kali kama vipande vya chupa, na hilo ndilo jongo lako. Joto hili linakukausha, na wewe juu yake unaongeza makongoro na soda. Mtu mwingine angekuwa amelala anapiga kelele, na kelele zingemfundisha. Wewe unatembea juu ya kiungo kinachosagika." Alitoa vidonge, akavipanga mezani. "Hivi vya kila siku, uumwe usiumwe. Na maji, lita tatu, zaidi ya hapo siku za jua kali kama hili. Makongoro achana nayo. Ukikojoa rangi ya chai ujue umenidanganya."

"Haya, nimesikia. Lakini usiwahurumie sana hao wenzangu. Wako wengi, hata hawalisikii."

Nesi alisogeza kipimo chake karibu na kifungo, akakitazama kwa muda. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mzee, kikundi chako kina mtu mmoja."

"Mmoja vipi? Walikuwa thelathini na kitu."

"Watu huchoka. Akitoka mmoja, fungu lake linagawiwa waliobaki. Wakitoka wengi, waliobaki wanaelemewa, nao wanatoka. Sasa hivi jongo lako lote analibeba mtu mmoja peke yake, na si la leo tu."

Iddi aliuangalia mguu wake ule mwekundu kama vile ulikuwa wa mtu mwingine.

"Nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mzee, siruhusiwi." Akaanza kufunga mkoba. Alifunga zipu, akaifungua tena, akajifanya anatafuta kitu. "Kuna mama mmoja nampitia Ikungi, analima alizeti. Anatembelea fimbo. Mguu nimempima mara nyingi, hauna kitu. Namwambia, mama, jitoe, utaumia bure. Ananijibu, nikijitoa mimi nani atajua kama bado anaishi? Mimi sijasema kitu, umesikia?"

"Sijasikia," Iddi akasema.

"Unaweza kukifunga. Bonyeza mpaka taa ife. Ila ukikifunga mwenyewe hakifunguki tena, ndiyo sheria yake. Na hakuna haja. Kunywa maji tu, jongo lisiamke, naye atapumzika." Akasimama. "Hili lililopo litaondoka taratibu, siku hadi siku, kama kawaida yake."

Treni ikapiga honi. Iddi alimsindikiza, na safari hii alichechemea, ingawa hakuumwa.

*

Ikungi palikuwa na mama mmoja tu wa kulima alizeti ambaye angeweza kukaa kwenye kikundi baada ya wote kuondoka. Zaina, dada yake, wa kwanza kwa mama yao, aliyemfunga Iddi mgongoni kabla hajajua kutembea.

Hawakuwa wamesemezana tangu msiba wa shemeji Mtinangi. Siku Mtinangi alipofariki, Iddi aliiendea mashine ya kituo kuomba ruhusa, maana lango la kuelekea relini lilikuwa mikononi mwake.

"Sababu ya kuondoka?" mashine iliuliza.

"Msiba."

"Uhusiano na marehemu?"

"Shemeji. Mume wa dada."

"Shemeji si ndugu wa karibu. Ombi limekataliwa."

Iddi akasema haya. Hilo ndilo lililomla roho baadaye, kwamba alisema haya, hakubishana, hakupiga hata meza ngumi. Alituma rambirambi kwa simu, tena nono, akaona amemaliza. Zaina alimrudishia zote, na neno moja juu yake: alikuwa na watu wa kutuma pesa, alichokosa ni ndugu wa kukaa naye chini ya turubai. Namba ya Iddi akaifuta. Watu waliokuwa wakienda na kurudi walisema hataki hata kusikia jina lake likitajwa.

Na kumbe muda wote huo alikuwa analala na maumivu ya mguu wa Iddi.

Jambo la kwanza Iddi alilohisi, na liwe la aibu kama ni la aibu, lilikuwa furaha. Alizunguka mezani akicheka peke yake. Kisha akajaza jagi, akanywa, akavuka uwanja kwenda chooni akikimbia kwenye jua, akarudi, akajaza tena. Supu akamwaga. Vidonge akawa anavimeza kila siku kwa wakati wake. Kwa siku kadhaa alikuwa mgonjwa wa mfano, na uvimbe ukanywea, na ngozi ya kidole ikaanza kubanduka maganda kama ilivyo desturi jongo likiaga. Asubuhi moja taa ya kifungo ikawa kijani.

Alifurahi mpaka chai ilipopoa. Halafu alibaki akiitazama ile taa.

Kijani maana yake hakuna kinachokwenda Ikungi. Zaina alikuwa ameamka na miguu miwili mizima, ametupa fimbo pembeni, ameingia shambani, na hakuna kitu duniani cha kumkumbusha kwamba ana ndugu. Hivyo ndivyo Iddi alivyowaza, akiwa ameketi peke yake katikati ya mbuga, feni ikizunguka. Hapo kabla alikuwa mpweke bila kujua kama kuna anayemjua. Sasa alikuwa anajua kwamba alikuwapo mtu, na kwamba yeye mwenyewe, kwa lita tatu kwa siku, anamfukuza.

Akaandika ujumbe kwenye simu. Akaufuta. Akaandika mwingine, mfupi, shikamoo tu, akaufuta nao. Mtu aliyekosa msiba anaanzaje, kwa shikamoo?

Joto lilipanda wiki ile hadi nyuzi arobaini na saba. Vioo viliwaka hadi mbuga yote ikaonekana imejaa maji. Iddi alisimama mbele ya bomba na kikombe kimejaa mkononi, akakiangalia kwa muda mrefu, kisha akamimina maji yote kwenye karai la kufulia. Vidonge akavisukuma nyuma ya redio. Akateremsha makongoro ya akiba kutoka kwenye friji, akayabandika jikoni, na harufu yake ilipoanza kuenea alikaa kwa kuyapa mgongo, kama mtu anayeficha kitu katika nyumba yenye watu.

Alijua anachofanya. Isije ikasemwa kwamba hakujua.

*

Jongo lilikuja mchana, wakati wa kulala, saa ambazo hakuna kiumbe chenye akili kinachotembea nje. Iddi alikuwa amejinyoosha kitandani, midomo imekauka, kichwa kizito. Akaona kidole kinaanza kung'aa, kisha kinavimba, ngozi inavutika. Hakusikia kitu. Akageuza mkono. Taa ilikuwa ya njano, tena njano iliyokolea.

"Hodi, dada," akasema kwa sauti.

Akacheka kidogo. Lilikuwa jambo la kumchangamsha kweli, na kwa muda mfupi chumba hakikuwa kitupu. Zaina yupo. Zaina sasa hivi anajua kwamba Iddi yupo. Akaanza kumfikiria yuko wapi, ili mazungumzo yapate mahali pa kukaa.

Ni wakati wa kuvuna. Atakuwa ameamkia shambani kabla ya jua, sasa anarudi na mzigo wa alizeti kichwani. Mguu wa kulia unakanyaga, na humo ndani linaingia hili. Mzigo unakwenda upande wake na yeye upande wake. Anakaa chini, juani, kwenye mchanga unaounguza, mwanamke wa umri ule, ameushika mguu usio na kitu. Hakuna wa kumwinua. Mwenye kumwinua walikwisha kumzika, na Iddi hakuwapo.

Akamwona pia alivyokuwa zamani, msichana mwenye vidole vyepesi, anamtoa mwiba mguuni kwa pini. Iddi ndiye aliyechomwa, lakini uso uliokunjamana ulikuwa wa Zaina. Alikuwa anakunja uso hivyo tangu wakati ule, bila kifungo.

Iddi akaketi. Furaha yote ilikuwa imemtoka. Kwenye msiba alituma pesa, akabaki kwake. Na sasa amemtumia jongo, akabaki kwake, amejilaza kwenye feni, anasema hodi.

Angeweza kunywa maji, lakini maji yangechukua siku kadhaa, na siku zote hizo mwenye kulia angekuwa Zaina. Angeweza kukifunga kifungo, na hapo hakuna tena njano, hakuna kijani, hakuna mtu Ikungi wala popote anayejua kama Iddi Mughenyi amekula, amelala au ameanguka. Aliliwaza hilo vizuri, na aliliogopa. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu duniani.

"Nisamehe, dada," akasema, akabonyeza.

Taa ikafifia, ikazima.

Mwanzo hakikutokea kitu. Kisha mguu ukarudi kwake. Ulirudi wote, na deni la miaka yote ambayo hakuwahi kuusikia, mifupa inasagwa na vipande vya chupa, kidole kinapwita na kila pigo linapanda hadi gotini. Iddi alipiga ukelele ambao hakujua kama anao. Ncha ya shuka ilimgusa, akaitupa. Upepo wa feni ulimgusa, akalia akitafuta swichi, akaanguka chini, na pale sakafuni akabaki. Alilia kwa maumivu, na katikati ya maumivu akalia kwa jambo jingine, kwamba dada yake alikuwa ameishi na kitu hiki na hakuwahi kumtumia hata tusi.

Simu ya kituo ilikuwa chumba cha mitambo, mwisho wa ukumbi. Aliisikia ikiita jioni. Ikaita tena, na tena. Kwa mguu ule, ukumbi ulikuwa mbali kuliko Dodoma.

*

Kulipopambazuka alifika chumba cha mitambo kwa kutambaa na makalio, mguu ameunyanyua mbele, akimwomba Mungu mlango usimguse. Simu ilikuwa inaita tena. Akaivuta kwa waya wake kutoka mezani, ikamwangukia kifuani.

"Haloo?"

"Haloo, ni kituoni?" Sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyelia akamaliza. "Jana nimepiga hamkupokea. Naomba niongee na mkubwa wa hapo. Mimi ni dada wa marehemu Iddi Mughenyi. Nataka kujua mwili unasafirishwa lini, watu wamekaa wanasubiri."

Nyuma ya ile sauti alisikia wanawake wakiongea, mifuniko ya masufuria, mtu akiuliza sukari iko wapi.

"Haloo?"

"Shikamoo, dada."

"Nani huyu?"

"Mimi, Iddi. Sijafa."

"Mshenzi wewe," Zaina akasema, pole pole. Kisha pumzi ikamkatika, akawa anasema na kulia pamoja. "Mshenzi! Lile jongo nalijua mimi kuliko wewe. Likija linakuja kwa fujo, lakini kuondoka linaondoka kwa kujivuta, siku nyingi. Jana limeniangusha njiani, halafu likakatika hivi, pwa! Ukazimika. Nimekaa pale chini nimeushika mguu, hauna kitu. Namba yako nilishaifuta, napiga ya kituo, haipokelewi. Ningefikiri nini? Nimeita watu, Iddi. Turubai limesimama!"

"Nilikifunga kifungo, dada. Usiumie tena. Limerudi kwangu."

Zaina alivuta makamasi.

"Linauma?"

"Linauma, dada."

"Eeh," akasema, na sauti ikalegea. "Linauma. Shuka unaliweza?"

"Siliwezi."

"Feni?"

"Hata feni."

"Usiielekeze miguuni, ielekeze ukutani. Mguu uweke juu, juu kuliko moyo. Kitambaa cha maji baridi, usikandamize, kiegeshe tu. Usiku wa pili ndio mbaya, ukiupita huo linaanza kulegea. Na maji umekunywa?"

"Sijanywa."

"Sijanywa! Na joto hili! Miaka yote nakaa hapa najiuliza, huyu mtu huko aliko hana maji?"

Iddi alikuwa ameuegemeza uso kwenye simu, machozi yanaingia masikioni. Hakuwa amesemwa hivi kwa muda mrefu sana. Hakumwambia habari ya kikombe alichokimwaga. Hilo alilibakiza, la kusema uso kwa uso.

"Sasa hawa watu nitawaambia nini?" Zaina akauliza. "Wameacha mashamba yao, wamekaa kwenye mikeka. Nimewaambia ndugu yangu amekufa."

"Waambie wasiondoke. Nakuja."

"Na mguu huo?"

"Nakuja nao."

Mtu alimwita Zaina, naye akamwambia ngoja.

"Turubai ni la kukodi," akasema hatimaye. "Wanaling'oa kesho jioni. Safari hii usichelewe."

Akakata simu.

Iddi alijivuta hadi kwenye bomba, akanywa kikombe kizima bila kupumua, akajaza kingine, akanywa, akajaza chupa ya safari. Akavitoa vidonge nyuma ya redio. Treni ya maji ilikuwa ya siku ile, na kelele yake ilikwisha kuanza kusikika mbugani. Akavaa kiatu cha mguu wa kushoto, cha kulia akakiacha, akachukua fimbo ya ufagio, akasimama mbele ya mashine kwa mguu mmoja, jasho linamtiririka.

"Fungua lango. Naondoka."

"Sababu ya kuondoka?" mashine ikauliza.

"Msiba."

"Uhusiano na marehemu?"

Iddi aliegemea ufagio, akafikiri kidogo, maana hakutaka kusema uongo.

"Hakuna aliye karibu naye kuliko mimi," akasema.

Mashine ikatafuta. Kisha komeo likalia, lango likafunguka, na Iddi akatoka juani akirukaruka kwa mguu mmoja, akipiga yowe kila anapotua.